Kung'oa jino ukiwa na kisukari: tundu linavyopona, sukari iwe ngapi, na dalili za kukimbilia hospitali (UZI)

#1 DktGego

Wakuu, swali la kung'oa jino kwa mwenye kisukari halikauki, na majibu yake huwa mawili tu: "usithubutu, kidonda hakitapona" au "ng'oa tu, mbona wengi wamepona". Yote mawili yanapotosha. Nafungua uzi huu, wataalamu wa fani nyingine nao washushe nondo. Namba zote za sukari ni mmol/L. Ambaye mashine yake inasoma mg/dL azidishe namba za humu kwa 18.

Tuanze na tundu lenyewe. Jino likishatoka, tundu linajaa damu, na ndani ya dakika chache damu hiyo inaganda. Bonge hilo ndilo linalofunika mfupa na ncha za neva, na ndani yake ndimo zinamopita seli za kujenga nyama mpya. Kati ya siku ya pili na ya nne juu yake hutokea utando mweupe unaoelekea njano. Watu wakiuona kwenye kioo wanadhani ni usaha, wanaanza kuukwangua kwa kijiti. Acheni. Usaha unatiririka, unanuka, na ukibonyeza ufizi unazidi kutoka. Utando huu umeshika palepale haubanduki. Kufikia wiki moja bonge limeanza kugeuka nyama changa nyekundu, ufizi unajongea kutoka pembeni, na kwa kawaida mdomo wa tundu unafunga kati ya wiki ya tatu na ya tano. Mfupa kule ndani unachukua miezi 3 hadi 6 kujaa.

Sukari ikikaa juu muda mrefu inaingilia kila hatua kati ya hizo. Seli nyeupe za damu zinachelewa kufika kwenye kidonda, na zikifika zinameza bakteria kivivu. Mishipa midogo inakuwa na kuta nene, kwa hiyo oksijeni haipenyi inavyotakiwa. Kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia nyama mpya, inanasa sukari na kupoteza ubora. Seli zinazojenga mfupa zinapunguza kasi. Juu ya hayo mdomo unakauka, na mate ndiyo msafishaji wa vidonda vya kinywa. Yakipungua, fangasi wanapata pa kuota.

Ila hayo yote ni habari ya sukari isiyodhibitiwa. Mwenye kisukari ambaye HbA1c yake (kipimo cha damu cha wastani wa sukari, kwa asilimia) iko kwenye 7 au karibu na hapo, havuti sigara, na anasafisha kinywa, tundu lake linapona karibu sawa na la mtu mwingine yeyote. Wa kuhofia ni yule ambaye hajui sukari yake ikoje, anavuta, na ufizi wake unatoa damu tangu mwaka jana.

Na kuna jambo linasahaulika mno: jino bovu lenyewe linapandisha sukari. Palipo na usaha mwili unamwaga homoni za mapambano, na homoni hizo zinaipinga insulini. Kumwongezea mtu vidonge vya sukari huku jipu limekaa palepale ni kutwanga maji kwenye kinu. Ndiyo maana "nenda kashushe sukari kwanza ndipo uje" si jibu sahihi kila mara.

---

#2 mkulima_wa_cocoa

Shukrani dokta. Sasa mtu akifika asubuhi kipimo kikasoma 15, anang'olewa au anarudishwa? Maana kila hospitali ina lake.

---

#3 DktGego

Mkuu, kila hospitali ina lake kwa sababu hakuna namba moja iliyokubalika duniani kote. Wengi tunaenda hivi: chini ya 4 hang'olewi mtu, kwanza anapewa sukari. Kuanzia 4 hadi 10 ni njia nyeupe. Kati ya 10 na 14 unaangalia hali yake kwa ujumla: jino ni moja na limelegea, au ni gego la mwisho linalohitaji kukata mfupa? Ana homa? Amekunywa dawa zake leo? Ikizidi 14, kazi isiyo ya dharura inaahirishwa na mgonjwa anapelekwa kliniki yake ya kisukari siku hiyohiyo, siyo "utarudi mwezi ujao". Kwa HbA1c, ikiwa 8 au chini nafanya bila wasiwasi. Ikifika 10 na kuendelea, jino linaloweza kusubiri lisubiri.

Swali la kujiuliza kabla ya namba ni hili: jino linaweza kusubiri? Mzizi uliokaa miaka miwili bila maumivu unaweza. Jipu lililovimbisha shavu haliwezi, hata kama mashine inasoma 18. Huyo anatibiwa vyote kwa pamoja: daktari wa sukari anaanza insulini, huku usaha unatolewa na jino linang'olewa, na kama amevimba sana au anatapika analazwa. Usaha ukishatoka, sukari mara nyingi inaanza kushuka ndani ya siku chache. Hapo angalizo: ile dozi ya insulini iliyopandishwa kwa ajili ya jipu inaweza kumshusha kupita kiasi. Ipunguzwe kwa kufuata vipimo.

---

#4 Sista_Kliniki

Dokta umegusa penyewe. Mimi naongezea upande wa ratiba, maana matatizo mengi ya siku ya kung'oa huanza nyumbani na siyo kwenye kiti.

Kosa kubwa ni mgonjwa kuja na njaa. Ameambiwa anaenda "kufanyiwa upasuaji", basi hali chakula, ila kidonge cha glibenklamidi (dawa ya kushusha sukari) amemeza. Kung'oa kwa ganzi ya kawaida hakuhitaji kufunga. Kula kifungua kinywa kama siku zote, kunywa dawa zako kama siku zote, omba nafasi ya asubuhi. Asubuhi homoni za mwili zinaishikilia sukari isianguke kirahisi, na likitokea la kutokea bado kuna saa nyingi za mchana za kusaidiwa.

Chukulia mtu wa insulini ya mchanganyiko ya 30/70, ambayo kliniki zetu nyingi ndiyo wanayotumia. Amechoma saa 12:30 asubuhi, amekula saa 1:00, kiti anakalia saa 2:30. Ganzi ya taya la chini inakaa saa 3 hadi 5 kwenye mdomo na ulimi. Kwa hiyo chai ya saa nne inamkuta mdomo umekufa ganzi na gozi (kitambaa cha kung'ata ili damu ikate) iko mdomoni, anaiacha. Wakati huohuo ile sehemu ya insulini inayofanya kazi polepole ndiyo inapanda kuelekea mchana. Hapo ndipo mtu anatetemeka, jasho linamtoka, watu wanasema "ni uoga wa sindano". Dawa yake ni kupanga mapema: gozi ikitolewa baada ya dakika 30 hadi 45 na damu imekata, anywe kikombe cha maziwa au uji wa vuguvugu kwa upande mwingine, taratibu, bila mrija. Mrija unavuta bonge la damu. Na chakula cha saa 6 au 7 mchana kisirukwe.

Sukari ikishuka chini ya 4: gramu 15 hadi 20 za sukari ya haraka. Hiyo ni vijiko vya chai 4 vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au soda ya kawaida kama mililita 150 hadi 200 (siyo ile isiyo na sukari). Toa gozi kwanza mtu asije akapaliwa. Subiri dakika 15, pima tena. Bado chini, rudia. Ikipanda, ale kitu cha kushikilia. Akipoteza fahamu usimmiminie chochote mdomoni; hapo ni dripu ya glukosi na wahudumu.

Vidonge vya sukari vya metformini viendelee, isipokuwa anatapika au ameishiwa maji. Wanaotumia vidonge vya sukari vya dapaglifozini au empaglifozini, kama hamli kabisa au mnatapika, simamisheni na mpigieni daktari: dawa hizi zinaweza kuleta sumu ya ketoni (tindikali inayojaa kwenye damu mwili unapochoma mafuta badala ya sukari) hata mashine inaposoma 11 au 12, na watu wanadanganywa na hiyo namba. Insulini ya msingi (ile ya kukaa muda mrefu) haiachwi hata kama huli. Inapunguzwa kwa ushauri. Kuacha kabisa ndiko kunakopeleka watu wodini.

Baada ya kung'oa, siku 3 hadi 5 za mwanzo pima angalau asubuhi kabla ya kula na jioni. Wa insulini, mara nne.

---

#5 Mwanamaabara

Nyongeza fupi. Nawa mikono kwa sabuni na kausha kabla ya kutoboa kidole. Aliyetoka kumenya embe anasoma 16 wakati ana 8. Spiriti peke yake haiondoi sukari ya tunda vizuri.

Na HbA1c msiiabudu. Inapima wastani wa miezi miwili hadi mitatu kwa kutegemea umri wa chembe nyekundu. Mwenye selimundu, au aliyetoka kupoteza damu nyingi au kuongezewa, chembe zake ni changa, kipimo kitasoma chini kuliko ukweli. Upungufu wa madini chuma unaweza kukipeleka juu. Kwa ukanda wetu hilo si jambo la pembeni. Hao wapimwe kwa daftari la mashine ya kidole, asubuhi na saa mbili baada ya kula, wiki mbili mfululizo.

---

#6 Tabibu_Meno

Kwenye kiti sasa. Kwa mgonjwa wa kisukari, namna jino linavyotoka ina uzito mkubwa sana. Mfupa uliopondwa na ufizi uliochanika ni kidonda cha pili juu ya kidonda. Legeza jino kwa eleveta bila haraka, koleo lije mwisho. Gego lenye mizizi iliyopanuka ligawanywe, mzizi utoke mmojammoja, kuliko kulazimisha mpaka ukuta wa mfupa ukatike. Ukitumia mashine kukata, maji yasikosekane. Mfupa ukipata joto unakufa, na mfupa uliokufa kwa mtu huyu hautoki wenyewe haraka.

Likitoka: kwangua nyama chafu ya jipu chini ya mzizi, kama ipo. Usikwangue tundu safi, unaondoa damu unayoihitaji. Osha kwa maji ya chumvi ya hospitali, toa vipande vya jino na mfupa, sawazisha ncha kali, bana kuta za tundu kwa vidole, shona mshono mmoja au miwili kama kingo zinapwaya. Gozi ing'atwe dakika 30 bila kuchungulia kila dakika tano.

Idadi: mwenye sukari inayoyumba asing'olewe meno sita siku moja ili "amalize". Anza na upande mmoja, meno mawili au matatu, angalia yanavyopona, ndipo uendelee.

Ganzi ya lidokaini 2% yenye adrenalini ya 1:80,000 haina shida kwa wengi wao. Kichupa cha ml 1.8 kina adrenalini kama maikrogramu 22 tu. Maumivu ya ganzi isiyoshika yanapandisha sukari na presha kuliko hicho kiasi. Pima presha, lakini. Wengi wana vyote viwili, na damu isiyokata usiku mara nyingi ni ya presha. Ikiwa 180/110 au zaidi, jino lisilo la dharura lirudi.

---

#7 mzee wa busara

Nakubaliana na yote, ila mbona hakuna aliyetaja antibiotiki? Sisi tumezoea kila mwenye kisukari anapewa amoksisilini siku saba, tatizo liko wapi?

---

#8 Mfamasia_wa_Zamu

Tatizo lipo mzee wangu, kwa heshima zote. Mwenye sukari iliyodhibitiwa, jino limetoka bila shida na hakuna usaha, antibiotiki haimwongezei kitu. Inamletea kuhara, fangasi mdomoni (ambao tayari wana njaa naye), na usugu wa bakteria. Anayestahili ni mwenye jipu lililoenea, homa, uvimbe wa uso, au sukari iliyo juu sana na kazi ya kukata mfupa isiyoweza kusubiri. Huyo apewe kwa dozi kamili: amoksisilini mg 500 kila baada ya saa 8, mara nyingi pamoja na metronidazoli mg 400 kila baada ya saa 8, kwa kawaida siku 5, na aangaliwe tena baada ya siku 2 au 3. Na inafaa dozi ya kwanza iwe mwilini kabla ya koleo. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema. Metronidazoli na pombe havikai chungu kimoja.

Tukishamaliza hilo, angalieni migongano, maana ndiyo inayoleta watu dirishani wakiwa wamelegea. Antibiotiki ya kotrimoksazoli pamoja na glibenklamidi inaweza kuangusha sukari vibaya, hasa kwa wazee na wenye figo dhaifu. Siprofloksasini, nayo antibiotiki, inaweza kuiyumbisha juu au chini. Jeli ya mikonazoli ya kupaka fangasi za mdomoni, watu wanaiona ya kupaka tu, kumbe inaongeza nguvu ya glibenklamidi na gliklazidi, flukonazoli vilevile. Nistatini ya maji ni salama zaidi kwa hao. Sindano ya deksamethasoni ya kupunguza uvimbe inapandisha sukari kwa siku nzima au zaidi, kwa hiyo akipewa aambiwe, asije akadhani dawa zake zimechacha.

Maumivu: parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24, na mwenye mwili mdogo au ini bovu apewe chini ya hapo. Ibuprofeni mg 400 kila baada ya saa 8 baada ya kula, siku 2 au 3, kama figo ni nzima na hana vidonda vya tumbo. Mwenye kisukari anayekunywa enalaprili au losatani (dawa za presha) pamoja na dawa ya kukojoza, akiongezewa ibuprofeni au diklofenaki, figo zinaweza kusimama. Hawa ni wengi, na wanajinunulia diklofenaki wenyewe bila kuuliza.

Aspirini ndogo ya mg 75 kwa ajili ya moyo haiachwi kwa sababu ya jino moja. Damu itachelewa kidogo, gozi na mshono vinatosha. Wa wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) apime INR kwanza, yaani kipimo cha damu inavyoganda.

---

#9 mzee wa busara

Nimekuelewa kijana, hilo la jeli sikulijua.

---

#10 Shamsa wa Chake

Naomba kuuliza, siku ya tatu maumivu yanapozidi badala ya kupungua, ni sukari au ni nini? Na huku kwetu watu wanatia karafuu, wengine ugoro, wengine asali. Lipi lina ukweli?

---

#11 DktGego

Dada Shamsa, swali zuri. Maumivu ya kawaida yana kilele siku ya kwanza na ya pili, kisha yanashuka. Yakianza upya kati ya siku ya pili na ya nne, yakapanda hadi sikioni, mdomo ukanuka na kuwa na ladha mbaya, angalia tundu kwa tochi. Kama ni tupu, kuta zake za kijivu zinaonekana na ukigusa kwa ncha ya chombo unasikia mfupa mkavu, hilo ni tundu kavu. Bonge limetoka au limeyeyuka mapema. Sababu kubwa ni sigara, kung'oa kwa mabavu, usafi hafifu, na magego ya chini yana tabia hiyo kuliko ya juu. Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango pia wako kwenye hatari zaidi. Kisukari kisichodhibitiwa kinachangia, ila usikipe lawama zote. Shavu halivimbi, homa hakuna, usaha hakuna. Matibabu ni kuosha tundu kwa maji ya chumvi ya vuguvugu na kuweka dawa yenye yujenoli, inayobadilishwa kila siku moja au mbili mpaka maumivu yakate. Antibiotiki haitibu tundu kavu.

Na yujenoli hiyo ndiyo inayotoka kwenye karafuu zenu za Pemba, kwa hiyo wazee hawakukosea. Kosa ni kumimina mafuta makali ya karafuu moja kwa moja: yanaunguza ufizi, na aliyeungua kwa sukari iliyo juu anauguza vidonda viwili. Punje nzima ya karafuu tunduni nayo inabaki kama uchafu. Ugoro hapana kabisa. Nikotini inabana mishipa ya damu, na mchanga wake unabaki ndani. Asali ya hospitali imefanyiwa tafiti kwenye vidonda, ila ya chupa ya sokoni ndani ya tundu la jino ni sukari na vumbi. Iache.

Anachopaswa kufanya nyumbani: saa 24 za kwanza asisukutue, asiteme kwa nguvu, asivute. Baada ya hapo nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu (ml 250), mara 4 hadi 6 kwa siku, hasa baada ya kula; aache maji yakae na kutoka kwa kuinamisha kichwa. Klorheksidini ya 0.2%, ml 10 kwa dakika moja asubuhi na jioni, wiki moja inatosha. Ikizidi wiki mbili inapaka meno rangi ya kahawia. Meno mengine yapigwe mswaki kuanzia usiku uleule, kwa kukwepa tundu tu.

---

#12 Lishe_Bora

Kuhusu chakula kuna mtego. "Kula laini" kwa watu wengi ni uji wa sukari, juisi ya embe, soda na mkate uliochovywa. Siku tatu za hivyo sukari inapaa palepale kidonda kinapohitaji itulie. Na kinyume chake, anayeogopa kula anaangushwa na vidonge vyake.

Laini inayofaa: uji wa ulezi au dona usiotiwa sukari, ukachanganywa na maziwa na kijiko kikubwa kimoja au viwili vya karanga zilizosagwa laini. Kikombe kimoja, siyo jagi. Uji ni wanga uleule, na ukiwa mwepesi unapanda haraka. Mtori wenye nyama iliyosagwa. Mayai ya kuvuruga. Samaki aliyechambuliwa miiba. Maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda. Maziwa mgando yasiyo na sukari, parachichi. Protini ndiyo inayojenga nyama ya tundu, kwa hiyo yai au samaki awepo kila mlo. Siku ya kwanza kiwe cha vuguvugu, moto unayeyusha bonge. Mpaka wiki ipite acheni bisi, ufuta, na mifupa ya kutafuna: punje moja ya ufuta ikizama tunduni inaoza humo.

---

#13 mkulima_wa_cocoa

Na dalili za kukimbilia hospitali usiku usiku ni zipi?

---

#14 DktGego

Uvimbe unaoshuka chini ya kidevu na shingoni pande zote mbili, mgumu kama ubao. Ulimi umeinuka, mate yanadondoka kwa kuwa hamezi, sauti imebadilika, anapumua akiwa amekaa tu. Hiyo ni anjaina ya Ludwig, inaziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Usisubiri kuche. Usimlaze chali. Hospitali yenye chumba cha upasuaji moja kwa moja, siyo duka la dawa.

Mdomo haufunguki zaidi ya vidole viwili na unazidi kubana. Ngozi ya shingo inageuka zambarau au ina mlio wa hewa ukibonyeza. Anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa kina na harufu ya matunda, anachanganyikiwa: hiyo ni sumu ya ketoni. Kwa wazee wenye kisukari cha miaka mingi homa inaweza isiwepo kabisa na maumivu yakawa madogo kuliko ugonjwa, kwa hiyo msidanganywe na utulivu wake.

Adimu lakini lijulikane: rangi nyeusi kwenye kaakaa au ufizi, uvimbe wa upande mmoja wa uso, pua kuziba na damu nyeusi, jicho kuuma au kuona vitu viwili. Ni fangasi wa mukomaikosisi, anapenda sukari ya juu yenye ketoni. India ilipata wimbi lake kubwa mwaka 2021 wakati wa UVIKO-19, kisukari na steroidi vikiwa vimekutana. Inahitaji upasuaji na amfoterisini (dawa ya fangasi) haraka.

Na lile la polepole: wiki nne zimepita, tundu bado wazi. Watu wanasema "ni sukari hiyo" wanaacha. Piga picha ya eksirei. Inawezekana kuna mzizi uliobaki, kipande cha mfupa uliokufa, maambukizi ya mfupa wa taya, au saratani iliyokuwa inalegeza jino tangu mwanzo. Nyama inayoota kutoka tunduni kama koliflawa ikatwe kipande ipelekwe maabara. Muulizwe pia kama amewahi kutumia dawa za mifupa au za saratani aina ya bisfosfoneti. Na kama hajawahi kupimwa sukari, apimwe: ya kufunga ikiwa 7.0 au zaidi, au HbA1c 6.5 na kuendelea, kipimo kirudiwe kuthibitisha. Wapo wanaojulikana kuwa na kisukari kwa mara ya kwanza kupitia tundu lisilofunga.

---

#15 Abuu Swabra

Dokta, na mwezi wa Ramadhani?

---

#16 Sista_Kliniki

Nimjibie dokta. Kama jino linasubiri, liende baada ya Idi. Kama halisubiri, hukumu ya funga ya siku hiyo muulize sheikh wako, ila kitabibu mtu aliyetoka kung'olewa asubuhi, hana maji, mdomo mkavu, na ana vidonge vya sukari mwilini, yuko pabaya. Siku hiyo na siku mbili tatu zinazofuata ningeshauri asifunge. Anayefunga hata hivyo apime mchana: chini ya 3.9 au juu ya 16.7, afungue pale pale. Kupima kidole kwa kadiri ya wanazuoni wengi hakubatilishi funga, kwa hiyo hiyo isiwe sababu ya kutopima.

---

#17 Shamsa wa Chake

La mwisho kwangu: meno bandia baada ya muda gani?

---

#18 Tabibu_Meno

Vipimo vya meno ya kuvaa na kuvua, subiri angalau wiki 6 hadi 8, na kwa mwenye sukari iliyokuwa juu ni afadhali miezi 3. Mfupa unasinyaa zaidi miezi ya mwanzo. Ukichukua vipimo mapema, bandia itapwaya, itasugua, na kwa mdomo mkavu msuguo huo unakuwa kidonda. Usiku yavuliwe, yasuguliwe kwa brashi na sabuni ya maji, yalale kwenye maji safi. Wekundu unaochora umbo la bandia kwenye kaakaa ni fangasi: yatibiwe meno na mdomo kwa pamoja, la sivyo unarudi palepale. Wa kupandikiza skrubu ya titani, HbA1c kwanza ishuke hadi 8 au chini na ikae hapo, halafu tuzungumze.